Kashata za nazi za kuoka: kitako kinalowa, juu kunabomoka. Nakosea wapi?

MpikajiTemeke:

Habari za leo wadau wa jikoni. Nataka kuoka kashata za nazi zenye kitako cha biskuti, zile za kukata vipande vya mstatili. Zinahitajika kama vipande 60 kwa ajili ya familia, majirani na wageni wa sikukuu. Majaribio mawili yameharibika, kila moja kwa namna yake, kwa hiyo naweka vipimo vyote hapa ili msipate shida ya kukisia.

Trei ni ya bati, sm 20 kwa 30, kina sm 4. Kitako: unga wa ngano vikombe 2, margarini gramu 150, sukari nusu kikombe, bekingi pauda kijiko 1 cha chai. Juu: nazi 2 za kukunwa kwa mbuzi, mayai 3, sukari kikombe 1, iliki. Kitako nilikitandaza kibichi, nikamwaga mchanganyiko wa nazi juu yake, vikaingia ovenini pamoja kwa dakika 40, moto wa 180.

Mara ya kwanza kitako kilitoka kibichi katikati, kinanata kama ugali usioiva, na pembeni pameungua. Mara ya pili, ili kupunguza maji, nazi ilikamuliwa tui kwanza (tui likaenda kwenye wali) na machicha ndiyo yakatumika. Chini kukawa afadhali kidogo, lakini juu kumekauka kama vumbi la mbao, kisu kikipita tu kila kitu kinamomonyoka.

Oveni ni ya gesi, moto unatoka chini peke yake. Mizani sina, napima kwa kikombe. Nipo Dar. Tatizo ni moto, ni nazi, au ni vipimo?

---

BiShira:

Ni nazi kwanza, halafu mpangilio wa kuoka. Moto ni wa tatu.

Nazi iliyokomaa, ikikunwa, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Nazi moja ya wastani inatoa gramu 250 hadi 350, kwa hiyo zako mbili tuseme zilifika gramu 600. Humo ndani kuna maji yasiyopungua kikombe kizima, na bado hujahesabu mayai. Maji hayo yote uliyalaza juu ya unga mbichi. Kinachofuata ni rahisi kukiona: unga unayanyonya, mvuke hauna pa kutokea kwa sababu umefunikwa, na sehemu yenye maji mengi haipandi sana kupita nyuzi 100 mpaka maji yaishe. Biskuti haiwezi kukauka wala kupata rangi katika hali hiyo. Pembeni hakuna maji mengi na bati lina moto, ndiyo maana kule paliungua huku katikati kukibaki kubichi. Ungeongeza dakika 20 zaidi ungepata pembeni makaa na katikati bado ugali.

Machicha nayo ni kosa la upande wa pili. Ukishakamua tui umeondoa mafuta ya nazi na sehemu kubwa ya utamu wake. Kinachobaki ni nyuzi. Nyuzi zinanyonya maji ya yai, hazirudishi ulaini wowote. Kashata inashikana kwa mafuta, sukari na yai, na wewe umeondoa kimoja na kukausha kingine. Machicha yatumie kwenye kitu kingine, si hapa.

Unachotaka ni nazi yenye mafuta yake yote lakini maji machache. Njia ni mbili:

Nazi ya pakiti iliyokaushwa, gramu 200 kwa trei yako. Angalia isiwe tui la unga, maana pakiti zinafanana na watu huchanganya. Tui la unga likiingia kwenye yai linageuka uji.

Au nazi mbichi, gramu 360 hivi (kwa kawaida nazi moja na kipande, chukua mbili ubaki na akiba), uikaushe mwenyewe. Tandaza kwenye trei pana, moto wa 100 hadi 110, geuza kila dakika 10. Baada ya dakika 30 hadi 40 itakuwa imeshuka mpaka gramu 220 hivi. Huna mizani, basi tumia mkono: ukiifumbata na kuiachia, isishikane tonge, na vidole visilowe. Isibadilike rangi. Kikaango kipana kwenye moto mdogo nacho kinafaa, dakika 15 hadi 20, ila hapo usiondoke, nazi inaungua ghafla. Chagua nazi iliyokomaa kabisa, yenye maji yanayocheza ndani ukiitikisa. Koroma haifai, nyama yake bado laini na ina maji mengi zaidi. Ukikuna, acha ukifika ngozi ya kahawia. Ukiipitiliza ladha haiharibiki sana, ila utaona madoadoa.

Sasa kitako. Kipimo kisichosahaulika ni sehemu 1 ya sukari, 2 za siagi, 3 za unga, kwa uzito. Kwa trei ya 20 kwa 30: sukari gramu 80, siagi gramu 160, unga gramu 240, chumvi robo kijiko cha chai kama siagi haina chumvi. Kwa kikombe cha mililita 250, unga huo ni vikombe 2 visivyojaa, uliochotwa kwa kijiko na kusawazishwa, bila kushindiliwa. Ukitumbukiza kikombe ndani ya mfuko wa unga unaweza kupata gramu 30 zaidi kwa kila kikombe, na kitako kitakuwa kikavu cha kusagika. Nunua mizani. Kwa kuoka vipande 60 itajilipa haraka.

Margarini soma pembeni mwa kopo. Ile ya kupaka mkate mara nyingi ina mafuta asilimia 60 au chini ya hapo, na kilichobaki karibu chote ni maji. Kwa kuoka unataka asilimia 80. Hapo tena ni suala la maji, yanakufuata kila mahali.

Bekingi pauda iondoe. Kitako hiki hakitakiwi kuumuka. Kikiumuka kinakuwa na vitundu, na vitundu ndiyo njia ya maji kushuka. Hakikisha pia unga wako si ule uliokwisha kutiwa kiumulio kiwandani.

Sugua siagi baridi na unga mpaka iwe kama chenga za mkate, tia sukari, shindilia kwenye trei kwa kitako cha glasi. Unene uwe mm 7 au 8 kila mahali. Watu hurundika kwenye pembe, ndiko kunakobaki kubichi. Toboa kwa uma, weka kwenye friji dakika 20 (Dar siagi inalegea hata kabla hujamaliza kuisambaza), kisha oka peke yake kwa nyuzi 170, dakika 20, mpaka kiwe na rangi ya dhahabu hafifu. Kipake ute wa yai moja kwa brashi, rudisha dakika 2. Ute unaganda na kuziba vinyweleo.

Juu: mayai 3, sukari gramu 150, siagi iliyoyeyushwa gramu 40, nazi gramu 200, unga kijiko 1 cha chakula, iliki nusu kijiko cha chai iliyotwangwa sasa hivi, chumvi chembe. Koroga yai na sukari mpaka vichanganyike tu. Usipige mpaka povu. Povu linapanda juu, linakauka kuwa gamba, na gamba linapasuka ukikata. Acha mchanganyiko utulie dakika 10 nazi inywe yai, kisha tandaza juu ya kitako kikiwa bado cha moto au vuguvugu. Ukitandaza juu ya kitako kilichopoa kabisa, tabaka mbili hazitashikana na zitabanduka kama soli ya kiatu. Oka tena kwa 170, dakika 22 hadi 25.

Sukari yako ya kikombe kizima ilikuwa nyingi, lakini usishuke chini ya gramu 120 ukidhani unafanya ya afya. Sukari ndiyo inayoshika unyevu. Ukiipunguza sana utarudi kwenye vumbi la mbao.

---

FundiOveni:

Nakubaliana na BiShira karibu kote. Bekingi pauda kwenye kitako robo kijiko haiui kitu, ila pia haina kazi, kwa hiyo iache tu. Naongeza upande wa moto.

Oveni ya gesi yenye moto wa chini pekee ina tabia mbili. Kwanza, alama za kwenye kitufe zinadanganya, 180 iliyoandikwa inaweza kuwa 200 chini na 160 juu. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni ni cha bei ndogo, kinunue pamoja na hiyo mizani. Ukikikosa, weka kipande cha karatasi nyeupe kwenye trei tupu katikati ya oveni iliyokwisha kupata moto. Ikigeuka kahawia hafifu ndani ya dakika 5, ni moto wa wastani, unaweza kuendelea. Ikiwa kahawia iliyokolea, punguza. Pili, washa dakika 20 kabla, si 5. Hewa inapata moto haraka ila kuta na sakafu ya oveni zinachelewa, na ukifungua mlango joto lote linatoka.

Kwa kitako peke yake, raki ya katikati. Kwa awamu ya pili panda raki moja juu, na kwenye raki ya chini kabisa weka sinia au trei tupu kama ngao. Moto hautapiga moja kwa moja chini ya kashata zako. Kitako kimeshaiva, sasa unahitaji joto liende kwenye yai. Trei nyeusi inaungua haraka kuliko ya bati linalong'aa, punguza dakika 3 na uangalie. Ya kioo inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, kwa hiyo kashata inaendelea kuiva hata ukiitoa.

Kujua kama imeiva usiangalie rangi ya juu pekee. Tikisa trei kidogo: katikati kusicheze. Pembeni kuanze kuachana na karatasi. Chomeka njiti, itoke na unyevu wa mafuta lakini bila yai bichi. Juu kukiwa kweupe bado na ndani kumeiva, hiyo ni kawaida ya oveni za moto wa chini, usiongeze muda kwa ajili ya rangi. Anayetaka rangi akaange robo ya nazi mpaka iwe ya dhahabu, ainyunyize juu kabla ya kuoka.

Trei mbili usiziingize pamoja. Ya chini itachukua moto wote na ya juu itabaki kupashwa. Oka moja baada ya nyingine. Vipande ni hivi: sm 20 ukigawa kwa 4 unapata 5, sm 30 ukigawa kwa 5 unapata 6, jumla 30 kwa trei. Trei mbili, 60 kamili. Ongeza ya tatu, wageni wa sikukuu hawahesabiki.

---

MpikajiTemeke:

Shukrani sana, nimeona nilipokosea. Maswali mawili. Gesi ikikata, trei ya pili inaweza kuokwa kwa mkaa? Na kuna shemeji hali mayai kabisa, nimfanyie nini?

---

FundiOveni:

Mkaa unawezekana, lakini si kwa trei ya mstatili. Ya 20 kwa 30 ina ulalo wa sm 36, haitaingia kwenye sufuria ya kawaida. Tumia bati la duara la sm 24 ndani ya sufuria kubwa. Eneo lake ni robo tatu ya trei yako, kwa hiyo vipimo vyote piga mara robo tatu: unga 180, siagi 120, sukari 60 kwa kitako, juu mayai 2 makubwa, nazi 150, sukari 110, siagi 30.

Chini ya sufuria mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kina sm 2, juu yake vijiwe vitatu au pete ya chuma ili bati lisiguse mchanga. Funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa na upalie makaa juu kama unavyopalia wali. Pasha tupu dakika 15. Makaa yaliyokwisha shika moto na kupata majivu meupe, theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Wengi hufanya kinyume chake na ndipo chini panaungua. Usifunue kila baada ya dakika mbili. Funua mara moja baada ya dakika 15, toa mvuke, futa maji yaliyoganda ndani ya mfuniko kwa kitambaa kikavu. Matone yale yakianguka juu ya kitako unarudi ulikotoka.

Ya yai nawaachia wengine.

---

SiniaLaPwani:

Kwa shemeji usihangaike na oveni. Mpikie kashata zenyewe, za sinia, hazina yai wala unga. Hata hao wageni wengine pengine watazipenda kuliko hizo za biskuti, lakini hayo ni maoni yangu.

Sukari gramu 400, maji mililita 150, nazi mbichi ya kukunwa gramu 400, iliki nusu kijiko cha chai, chumvi chembe. Hapa nazi haikaushwi, maji yake yataondokea kwenye sufuria. Sinia au trei ya sm 20 kwa 20, iliyopakwa samli, iwe tayari pembeni kabla hujawasha moto.

Sukari na maji kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke, halafu acha kukoroga. Punje zilizonata ukutani zishushe kwa brashi yenye maji, la sivyo zitaita wenzao na shira yote itaganda kuwa mchanga. Ichemke dakika 6 hadi 8. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi: likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole, imefika. Kwa kipimajoto ni nyuzi 116.

Tia nazi yote mara moja. Shira itapoa na kulegea, usiogope. Sasa koroga kwa mwiko bila kuacha, dakika 10 hadi 15. Dalili za kuiva zinakuja kwa mfululizo: mlio wa maji unapungua, mchanganyiko unaanza kufuata mwiko, kisha unaachana na sufuria na chini panabaki utando mweupe wa sukari, na mafuta ya nazi yanaanza kung'aa pembeni. Hapo hapo tia iliki, zungusha mara mbili, epua. Iliki ukiitia mapema harufu yote inaondoka na mvuke.

Mimina, sawazisha kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa samli, unene sm 1.5. Kata ndani ya dakika 5 hadi 10, ikiwa moto lakini imeshikana. Ukichelewa inakatika inavyotaka yenyewe. Vipande vya 4 kwa 4 unapata 25. Anayetaka zile za pinki agawe mchanganyiko mara mbili na kutia tone la rangi kwenye nusu moja kabla ya kumimina.

Ikinata hata baada ya kupoa, haikuiva. Irudishe sufuriani, moto mdogo, dakika 3 au 4. Ikiwa imesagika, umepitiliza. Rudisha na vijiko 3 au 4 vya maji, acha iyeyuke taratibu, koroga mpaka ifike pale pale, na safari hii epua mapema. Kashata za nazi haziharibiki moja kwa moja, zinarekebishika hata mara mbili.

---

JikoLaMilimani:

Nyongeza kwa wasiokaa pwani. Hizo nyuzi 116 ni za usawa wa bahari. Nairobi, kwenye mita karibu 1,800, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukisubiri 116 kule utakuwa umeondoa maji mengi mno na kashata itatoka ngumu. Chemsha maji matupu, soma kipimajoto chako, ona pengo hadi 100, kisha lipunguze kwenye lengo. Kwa Nairobi unaepua shira ikiwa 110. Mbeya nako ni karibu hivyo hivyo. Jaribio la tone kwenye maji baridi halina shida hiyo, linasema kweli popote.

Na mtu akitaka kuongeza sinia la karanga: sukari gramu 300, karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 300. Sukari kavu bila maji kwenye kikaango kizito, moto mdogo, mpaka iyeyuke yote na kuwa rangi ya asali iliyokolea. Ikianza kutoa moshi umeshachelewa, itakuwa chungu. Karanga ziwe za moto wakati unaziingiza. Ukitia karanga baridi sukari inaganda papo hapo kwenye madonge na huwezi kusambaza. Una dakika moja au mbili tu za kukata, kisu kimepakwa mafuta. Usiguse sukari hiyo kwa kidole wala usionje, inazidi nyuzi 160 na inanata kwenye ngozi.

Karanga zichambue kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, usiseme moto utaziua. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

---

MpikajiTemeke:

Hii imekamilika sasa. La mwisho: nikioka siku mbili kabla ya sikukuu, nizihifadhi vipi? Joto la Dar mnalijua. Na kukata, maana ndiko zilikobomokea.

---

BiShira:

Kukata kwanza. Kabla ya kuoka, tandika karatasi ya kuokea iliyozidi pande mbili ndefu kwa sm 5, iwe kama mikono. Ikiiva, iache kwenye trei saa 2 mpaka ipoe kabisa, kisha friji nusu saa. Shika mikono ya karatasi, nyanyua yote, weka juu ya ubao. Kisu kirefu chenye makali, ukibonyeze kutoka juu kwenda chini kwa mkupuo mmoja. Ukikivuta mbele na nyuma kama msumeno unang'oa nyuzi za nazi na kipande kinamomonyoka. Futa kisu kwa kitambaa cha maji ya moto baada ya kila mkato. Punguza pembeni nusu sentimita kwanza, hizo ndizo za mpishi.

Za kuoka zina yai na unyevu, kwa joto la Dar zisikae nje zaidi ya siku 2, na siku hizo mbili ndizo za kuzila. Ukioka mapema ziweke kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa, karatasi kati ya tabaka, zitafika siku 5. Ukizitoa, acha kopo limefungwa mpaka zipate joto la chumbani. Ukifungua zikiwa baridi, unyevu wa hewa unaganda juu yake kama jasho la chupa ya soda, na kitako kinalowa upya baada ya kazi yote hiyo. Kwenye friza zinavumilia mwezi bila shida.

Za sinia za nazi mbichi, kama zimeiva vizuri, kopo kavu lililofungwa siku 4 au 5. Za karanga adui yake ni hewa ya pwani peke yake. Zikishapoa tu zifunge, usizilaze usiku kucha kwenye sinia wazi, asubuhi utakuta zinanata kama gundi. Friji si mahali pake.

Zipange sahani tofauti, za karanga mbali na nyingine, na useme wazi zipi zina karanga na zipi zina mayai. Si shemeji peke yake anayehitaji kujua, na kwa mwenye mzio hata kisu kilichokata karanga ni tatizo, kwa hiyo cha karanga kiwe cha karanga tu.

---

FundiOveni:

Na trei ya pili usiiingize mpaka ya kwanza imepoa, umekata kipande cha katikati, si cha pembeni, na umegeuza chini ukaona kitako kina rangi ya biskuti. Kikiwa bado cheupe, ongeza dakika 4 kwenye kitako cha trei inayofuata kabla ya kutandaza nazi. Juu usiongeze kitu.